Flashi na Kompyuta: Chombo cha Kuchukulia, si Ghala la Kuwekea

Kila mwaka, majuma machache kabla ya siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, mlangoni pa ofisi yangu hubisha hodi mwanafunzi aliyeshika kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Kabla hajaketi, mimi huwa nimekwisha kuitambua shida yake. Kifaa hicho ni flashi, na ndani yake mna kazi ya miaka miwili: takwimu zilizokusanywa vijijini kwa jua na kwa mvua, majedwali, sura tano za maandishi na orodha ya marejeo. Jana flashi ilifunguka vizuri. Leo kompyuta haiitambui, au inadai kwamba sharti ifomatiwe kwanza. Nimuulizapo nakala nyingine iko wapi, hunyamaza. Nakala nyingine haipo.

Baadhi ya kazi hizo hupatikana tena. Nyingine hazipatikani kamwe, na mwenyewe hulazimika kuanza upya. Linalosikitisha zaidi ni kwamba aghalabu hasara hizi hazitokani na uvivu wala uzembe, bali na kutojua mambo machache kuhusu namna kifaa hiki kinavyofanya kazi. Nia ya makala haya ni kuyaeleza mambo hayo, ili msomaji, awe mwalimu, karani, mwanafunzi au katibu wa chama cha ushirika, aweze kuitumia flashi huku akiujua uwezo wake na mipaka yake.

Nasaba ya flashi

Kabla ya flashi, kazi ya kuhamisha maandishi kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilifanywa na disketi, yaani kile kisahani cha sumaku kilichofunikwa kwa plastiki ngumu. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ilichukua megabaiti 1.44 tu. Tukikadiria kwamba baiti moja ni sawa na herufi moja, disketi hiyo iliweza kubeba kitabu kizima cha maandishi matupu, lakini picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi mara nyingi isingeenea ndani yake.

Flashi ilizaliwa baada ya mambo mawili, yaliyobuniwa mbalimbali, kukutana. La kwanza ni kumbukumbu isiyopotea umeme ukatikapo. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walieleza jinsi transista inavyoweza kufanywa ishike chaji ya umeme kwa muda mrefu. Fikra hiyo iliendelezwa na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani, ambaye mwaka 1984 alitangaza kumbukumbu ambayo seli zake nyingi hufutwa kwa mpigo mmoja. Mwenzake, Shoji Ariizumi, aliufananisha ufutaji huo na mwako wa taa ya kamera, na hapo ndipo lilipotoka jina tunalolitumia. Mwaka 1987 Masuoka na wenzake walitangaza aina nyingine, iitwayo NAND, ambayo hubana seli nyingi zaidi katika nafasi ndogo. Aina hiyo ndiyo iliyomo katika flashi zetu, katika simu zetu na katika kadi za kamera.

Jambo la pili ni mlango wa USB. Zamani kila kifaa cha kompyuta kilikuwa na tundu lake: printa lake, kibodi lake, kipanya lake. Mnamo Januari 1996 makampuni kadhaa, yakiwemo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC, yalitoa kanuni za mlango mmoja wa kutumiwa na vifaa vya kila namna, unaopitisha habari na umeme wa kuendeshea kifaa kwa wakati mmoja.

Mwaka 2000 mambo hayo mawili yalikwisha kuunganishwa na kuuzwa madukani. Kampuni ya Trek 2000 ya Singapore iliuza kifaa chake kwa jina la ThumbDrive, na mwishoni mwa mwaka huo IBM iliuza flashi iliyotengenezwa na kampuni ya M-Systems ya Israeli. Uwezo wa flashi hiyo ya IBM ulikuwa megabaiti 8. Leo flashi ya gigabaiti 64 si kitu cha ajabu, nayo huchukua mara elfu nane ya ile ya kwanza. Ukubwa wa umbo haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kilichomo ndani.

Umeme uliofungiwa

Ukiipasua flashi utakuta bamba dogo lenye vipande viwili vikuu vyeusi. Cha kwanza ni chipu ya kumbukumbu. Cha pili ni kidhibiti, ambacho ni kompyuta ndogo yenye kazi ya kupokea habari, kuzipanga na kuzirudisha zinapohitajika. Katika flashi nyingine vyote viwili hufunikwa pamoja katika kipande kimoja.

Chipu ya kumbukumbu ina mabilioni ya seli, na kila seli ni transista moja. Ndani ya transista hiyo mna kisiwa kidogo cha silikoni kilichozungukwa pande zote na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Ukuta wa kihami hicho una unene wa nanomita zisizozidi kumi hivi. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa maelfu ya kuta za namna hiyo zikipangwa pamoja. Katika chipu nyingi za siku hizi kisiwa hicho kimebadilishwa na utando wa nitridi ya silikoni, na seli zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, lakini kanuni ni ileile.

Ili kuandika, kidhibiti huamuru seli itiwe msukumo wa umeme wa volti zipatazo ishirini. Mlango wa USB hutoa volti tano tu, kwa hiyo chipu yenyewe ina saketi ya kuzikuza volti hizo. Chini ya msukumo huo elektroni hufanya jambo ambalo katika maisha ya kawaida haliwezekani: huupenya ukuta bila ya kuuvunja na bila ya kuuruka. Fizikia ya chembe ndogo kabisa inaruhusu hivyo endapo ukuta ni mwembamba na msukumo ni mkubwa. Msukumo ukiondolewa, elektroni hubaki zimefungiwa ndani, kwa kuwa hazina tena nguvu ya kuupenya ukuta kurudi. Flashi inaweza basi kuchomolewa na kutiwa mfukoni, na maandishi yakabaki, kwa sababu maandishi hayo si kitu kingine ila ni mpangilio wa elektroni zilizofungiwa.

Ili kusoma, seli hutiwa msukumo mdogo zaidi, kisha hupimwa kama inapitisha umeme au haipitishi. Seli yenye elektroni nyingi huzuia. Isiyokuwa nazo hupitisha. Kuzuia huhesabiwa kuwa 0, na kupitisha huhesabiwa kuwa 1. Kutokana na alama hizo mbili hupatikana herufi, picha na sauti zote.

Watengenezaji, kwa kutaka kupunguza bei, hawakutosheka na alama moja katika kila seli. Flashi nyingi za sasa huweka alama tatu katika seli moja, na ili hilo liwezekane ni lazima seli iweze kutofautisha viwango vinane vya chaji. Fikiria mtungi wa maji. Ukitaka kujua tu kama umejaa au ni mtupu, maji kidogo yakivuja hayatakudanganya. Lakini ukiwa umeuchora alama nane na kila alama ina maana yake, tone chache zikipungua utasoma kisichoandikwa. Kwa ajili hiyo kidhibiti huongeza katika kila ukurasa alama za ziada za hesabu, ambazo kwazo hugundua makosa na kuyasahihisha. Makosa yakizidi uwezo wa hesabu hiyo, faili huharibika.

Kutokana na maumbile haya hutokea mambo matatu ambayo yafaa msomaji ayashike. Kwanza, elektroni huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Pili, kila zinapopenyezwa, ukuta huchakaa kidogo. Flashi za alama moja kwa seli zilivumilia kuandikwa na kufutwa mara zipatazo laki moja. Zile za alama tatu huvumilia mara elfu chache tu, au hata elfu moja. Tatu, seli iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena kabla ya kufutwa, na haifutwi peke yake. Maandishi hutiwa kwa kurasa za kilobaiti chache, lakini ufutaji hufanywa kwa fungu zima lenye kurasa nyingi. Ni kama ubao wa darasani ambao mtu huweza kuandika mstari mmoja mmoja, lakini akitaka kurekebisha neno moja hana budi kuunakili ubao wote pengine na kuufuta wote. Kidhibiti ndicho kinachoibeba taabu hiyo, nacho hujitahidi kuyatumia mafungu yote kwa zamu ili lisichakae moja kabla ya mengine.

Flashi inapobisha hodi

Tuone sasa linalotokea unapoichomeka. Ukiutazama mdomo wa flashi ya umbo la kawaida utaona vibamba vinne vya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati. Hilo halikufanywa kwa ajili ya urembo. Vya pembeni hupitisha umeme, vya katikati hupitisha habari. Kwa urefu huo flashi hupata umeme kabla ya kuanza kuzungumza, na ichomolewapo huacha kuzungumza kabla ya kukatiwa umeme.

Kompyuta huhisi kwamba kuna mgeni mlangoni, kwani flashi hupandisha volti katika waya mmoja wa habari. Hapo kompyuta humwuliza mgeni maswali: wewe ni kifaa gani, umetengenezwa na nani, unahitaji umeme kiasi gani? Flashi hujibu kwamba ni kifaa cha kuhifadhi habari, na kompyuta huipa namba ya kuitwa. Katika mlango huu kifaa hakisemi neno kabla ya kuulizwa. Kompyuta ndiyo mwenye nyumba.

Baada ya maamkizi hayo kompyuta husoma daftari la flashi. Kila flashi ina sehemu yenye orodha ya majina ya faili na mahali kila faili ilipowekwa, mfano wa daftari la mtunza ghala. Utaratibu wa daftari hilo ndio uitwao mfumo wa faili, na kuiandalia flashi daftari jipya tupu ndiko kunakoitwa kufomati. Mfumo wa FAT32, uliomo katika flashi nyingi, hukubaliwa na karibu kila kompyuta, lakini haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Kwa hiyo mtu akijaribu kutia filamu ya gigabaiti 5 katika flashi yenye nafasi ya 30, hukataliwa, naye hudhani flashi ni mbovu. Mfumo wa exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, hauna kizuizi hicho.

Jambo jingine linalowashangaza wanunuzi ni flashi iliyoandikwa gigabaiti 16 kuonekana katika kompyuta kuwa na 14.9. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kwa vizidishio vya mbili, na kwake gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Flashi ni ileile; pishi za kupimia ndizo mbili.

Kuandika si kumaliza kuandika

Sasa tumefikia chanzo cha misiba mingi. Tuchukue mfano wa flashi ya bei nafuu inayopokea megabaiti 5 kwa sekunde. Faili za gigabaiti moja zitahitaji zaidi ya dakika tatu kuingia. Kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, kwa upande wake, huweza kuzipokea kwa muda mfupi sana. Ili mtumiaji asikae akingoja, baadhi ya mifumo ya kompyuta huzipokea faili hizo katika kumbukumbu ya ndani, humwambia kwamba kazi imekwisha, kisha huendelea kuziandika katika flashi taratibu bila ya kuonekana. Mfano wake ni karani wa posta aliyekwisha kukugongea muhuri na kukupa stakabadhi, lakini barua yako bado imo kikapuni juu ya meza yake. Ukiichomoa flashi wakati huo, umeondoka na stakabadhi bila ya barua.

Tena lipo la hatari zaidi. Endapo flashi itachomolewa wakati daftari lenyewe linaandikwa, haitapotea faili moja tu, bali mpangilio wa faili zote waweza kuvurugika. Mali yote imo ghalani, ila daftari limechanika katikati. Hapo ndipo kompyuta isiyoelewa kitu hupendekeza flashi ifomatiwe, na mtu mwenye haraka hubonyeza kukubali, akalitupa hata lile daftari lililochanika ambalo lingeweza kuungwa.

Kwa sababu hiyo ipo amri ya kuiaga flashi kabla ya kuichomoa. Amri hiyo huiagiza kompyuta imalize maandishi yote yaliyosalia, ilifunge daftari, ndipo itoe ruhusa. Ni kweli kwamba toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka 2018, na yaliyofuata, kwa kawaida hayaweki maandishi ya flashi kikapuni kama yalivyofanya mengine ya nyuma. Hata hivyo mifumo mingine ingali ikifanya hivyo, na mtu anayechapisha kazi yake leo katika duka hili na kesho katika duka lile hawezi kujua kila kompyuta imepangwa vipi. Sekunde tano za kuaga ni bei ndogo.

Kufuta si kutoweka

Unapoifuta faili katika flashi, mara nyingi kompyuta hulikata jina lake tu katika daftari na kuandika kwamba nafasi ile i wazi. Maandishi yenyewe hubaki hadi yatakapoandikwa mengine juu ya nafasi hiyo. Hali kadhalika ufomataji wa haraka hubadilisha daftari na kuacha sehemu kubwa ya mali ilivyokuwa.

Jambo hili lina pande mbili. Kwa aliyefuta kwa bahati mbaya ni rehema: akiacha papo hapo kuandika chochote katika flashi hiyo, programu za kuokoa faili huweza kumrudishia kazi yake yote au sehemu yake. Kosa la kawaida ni kuendelea kuitumia flashi, au hata kuitia programu hiyo ya kuokolea ndani ya flashi ileile, na hivyo kuyafunika yaliyokuwa yakitafutwa. Kwa upande wa pili ni hatari. Anayeuza au kuazima flashi iliyokuwa na mitihani, orodha za mishahara au majalada ya wagonjwa, akidhani amekwisha kuifuta, huenda amempa mtu mwingine siri zote. Habari za namna hiyo zafaa zifungwe kwa neno la siri tangu mwanzo kwa programu ya kusimba, ili hata flashi ikipotea garini, atakayeiokota asisome kitu.

Ulaghai wa sokoni

Tulisema kwamba kompyuta humwuliza mgeni maswali. Tatizo ni kwamba hapo mwanzo huamini majibu yake. Walaghai hutwaa chipu ya gigabaiti chache, hukifundisha kidhibiti kudai kwamba zipo 512 au hata maelfu, kisha huiuza flashi hiyo kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi huitia faili, nazo huonekana kwa majina yake yote, kwa kuwa daftari limo katika sehemu ya mwanzo iliyo halisi. Lakini faili zilizopita ukubwa wa kweli zimeandikwa hewani, au zimefunika zile za kwanza. Siku ya kuzifungua hakuna kitu.

Njia ya kumtambua mwongo ni moja: ijaze flashi mpya mpaka mwisho kwa faili usizozijali, ichomoe, irudishe, kisha zifungue faili kadhaa, hasa za mwisho kuingia. Zikifunguka zote, flashi ni ya kweli. Na pale bei inapokuwa ndogo mno kuliko za maduka mengine, bei yenyewe ni onyo tosha.

Mgeni mwenye maradhi

Flashi hupita mikono mingi na kompyuta nyingi, kwa hiyo hueneza virusi vya kompyuta kama kikombe kimoja kinavyoeneza maradhi katika nyumba yenye mgonjwa. Zamani Windows ilikuwa ikizitii amri zilizomo katika flashi mara tu ichomekwapo. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichoanza kuonekana mwaka 2008, kiliutumia udhaifu huo miongoni mwa njia zake. Mwaka 2011 Microsoft ilieneza sahihisho la kuifunga njia hiyo katika matoleo yake ya nyuma. Virusi vikabadili mbinu. Kimoja kinachojulikana sana na wenye maduka ya uchapaji huzificha folda zako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukiibonyeza moja, folda hufunguka, lakini kirusi nacho hupata ruhusa ya kuingia. Mwenye flashi akiona njia za mkato mahali pa folda hudhani kazi imepotea na huifomati kwa hofu, ilhali folda zimo, zimefichwa tu, nazo huweza kudhihirishwa baada ya kirusi kuondolewa.

Nguvu ya njia hii ilidhihirika mwaka 2010, ilipogunduliwa programu ya Stuxnet iliyoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kituo hicho hakikuunganishwa na intaneti, na inaaminika kwamba programu hiyo iliingizwa kwa flashi. Udadisi wa binadamu nao husaidia. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, watafiti waliangusha flashi 297 katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Karibu nusu zilichomekwa na waliookota na faili zake zikafunguliwa. Ya kwanza ilichomekwa kabla ya dakika sita kutimia. Flashi iliyookotwa njiani, basi, si zawadi.

Utaratibu wa kufuata

Kutokana na yote tuliyoyaeleza, yafuatayo yanapendekezwa kwa kila mwenye kazi asiyotaka kuipoteza:

1. Kazi yoyote ya maana iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika flashi au diski ya nje, na ya tatu mahali pengine kabisa, kama vile katika barua pepe yako mwenyewe au katika hifadhi ya mtandaoni. Moto, mwizi au radi isiweze kuzifikia zote kwa siku moja.

2. Usiandike kazi ukiwa umeifungua moja kwa moja kutoka katika flashi. Inakili kwanza katika kompyuta, fanya kazi yako, kisha irudishe nakala mpya. Kila toleo lipewe jina lenye tarehe, na la zamani lisifutwe upesi.

3. Iage flashi kabla ya kuichomoa, na kama ina taa, ngoja iache kumetameta.

4. Uendapo kuchapisha katika duka, chukua flashi yenye nakala ya kuchapishwa peke yake, wala si ile yenye kazi zako zote. Urudipo, ipime kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua.

5. Usiiache flashi juani ndani ya gari, wala usiifungie kabatini kwa miaka mingi ukitegemea kwamba maandishi yatabaki. Ya kale yahamishie katika chombo kipya mara kwa mara.

6. Kompyuta ikikutaka uifomati flashi yenye kazi yako, kataa. Ichomoe, ijaribu katika kompyuta nyingine, na ikishindikana mpelekee fundi kabla hujaandika kitu juu yake.

Hapana hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi au elimu kubwa. Linalohitajika ni kubadili fikra. Flashi ni chombo bora cha kuchukulia mzigo kutoka hapa hadi pale, kama vile baiskeli ilivyo bora kwa kupeleka gunia la mahindi mashineni. Lakini hakuna mkulima anayeyaacha mavuno yake yote ya mwaka juu ya baiskeli.

Muhula uliopita alibisha hodi mwanafunzi mwingine, flashi yake mkononi imekatika shingo baada ya kukanyagwa. Nilipomwuliza swali langu la kila mwaka alicheka, akasema nakala mbili ziko nyumbani na katika barua pepe. Alichotaka ni kujua tu kama ndani ya kifaa kile mna nini. Tulikipasua pamoja, na sehemu kubwa ya maelezo haya ndiyo niliyompa siku hiyo.